Nafaka ya Mtoto: Sawa kwa Sawa Si Nusu kwa Nusu

Juzi nilisafiri kutoka Mombasa hadi Kakamega kumsindikiza binti wa ndugu yangu. Anafunza shule huko, ameachika, na anaishi na wanawe wawili. Baba yao yuko huku Pwani. Alikuwa amemwambia kwa simu: "Katiba yasema sawa kwa sawa, kwa hivyo natoa nusu." Binti akaniuliza, "Ami, ndivyo?" Sikuwa na jibu la haraka. Nililopata kule nawaandikia hapa, kwa sababu suala hili limo katika nyumba nyingi zetu.

Tuanze na sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, yaeleza hakimu atazame nini: mapato na mali ya kila mzazi, mizigo mingine aliyonayo, mahitaji ya mtoto, afya yake, masomo yake, hata mila na dini ya wazazi na mtoto. Kenya haina jedwali wala asilimia maalumu.

Jamaa zetu walioko Marekani husimulia mambo tofauti. Majimbo mengi kule hujumlisha mapato ya wazazi wote wawili, jedwali likataja gharama ya mtoto kwa kipato hicho, kisha kila mzazi akabeba fungu lake. Wisconsin hutumia njia nyingine: kwa kawaida huanza na asilimia 17 ya pato la mzazi anayelipa kwa mtoto mmoja, na 25 kwa watoto wawili.

Sisi hatuna jedwali hilo, lakini hesabu ya mafungu hutusaidia kuona haki iko wapi. Tuchukue mfano. Baba anabakiwa na shilingi 70,000 mkononi baada ya kodi ya PAYE, asilimia 2.75 ya SHA, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba na NSSF. Mama anabakiwa na 30,000. Jumla ni 100,000. Mahitaji ya watoto kwa mwezi, yaani karo, chakula, fungu lao la kodi ya nyumba, nguo na dawa, ni 40,000.

Wakigawa nusu kwa nusu, kila mmoja atoa 20,000. Baba abaki na 50,000, mama abaki na 10,000. Wakigawa kwa kadiri ya kipato, baba atoa 28,000 na mama 12,000. Baba abaki na 42,000, mama 18,000. Wajibu ni sawa, lakini mabega hayalingani. Tena mama anayeishi na watoto hupika, hufua na hukesha mtoto akiugua. Hilo nalo ni mchango, ingawa halina risiti.

Wapo watakaouliza, dini je? Katika fiqhi nafaka ya watoto iko juu ya baba, na mali ya mama ni yake. Suratut Talaq, aya ya 7, imeifunga nafaka na uwezo wa mtoaji. Kwa hivyo baba Mwislamu anayekimbilia "nusu" ya Katiba ajiulize anakimbia nini.

Sasa la kufanya. Anza kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo unakoishi. Wazazi wakielewana, huandikiana mkataba wa malezi. Wasipoelewana, kesi huenda Mahakama ya Watoto. Huko kila mzazi huapa kuhusu mapato yake. Beba cheti cha kuzaliwa, karatasi ya mshahara, taarifa ya M-Pesa, risiti za karo na za duka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyeenda mahakamani na maneno matupu hupewa kadiri hakimu anavyokisia. Asiye na uwezo wa wakili aulize FIDA Kenya au Kituo cha Sheria.

Amri ikitolewa, asiyelipa aweza kukatwa mshahara au hata kufungwa. Na mambo yakibadilika, kama kufutwa kazi au mtoto kuingia sekondari, mzazi yeyote aweza kurudi kuomba kiwango kibadilishwe. Kunyamaza na kuacha kulipa si njia.

Binti yetu aliandika gharama zake kwenye daftari la mtoto, kurasa mbili, sukari na sabuni zimo. Afisa alimpigia baba simu na kumsomea mstari kwa mstari. Mwisho wa mazungumzo baba alikubali kulipa karo na kodi ya nyumba, mama ashughulike na chakula na nguo. Hakuna aliyetaja nusu tena.

Ndugu yangu mwenye mtoto mbali nawe, chukua kalamu leo uandike mtoto wako anakula nini kwa mwezi. Ukishindwa kujaza ukurasa, basi huo ndio mwanzo wa deni lako.