Manowari ya Kusindikiza: Je, Neno Hili Latosha?

Mtafsiri akutanapo na habari za manowari iliyopewa kazi ya kufuatana na meli za abiria wakati wa vita, huandika kwa wepesi 'manowari ya kusindikiza'. Tumeona vyema kulipima neno hili kwa historia ya meli moja, Petard ya Uingereza.

Tarehe 30 Oktoba 1942, katika Bahari ya Mediterania, Petard pamoja na manowari nyingine ziliilazimisha nyambizi ya Wajerumani, U-559, kuibuka. Anthony Fasson na Colin Grazier waliingia ndani yake kutoa vitabu vya maandishi ya siri, na kijana Tommy Brown akavipokea. Nyambizi ilizama na wale wawili, lakini vitabu hivyo viliwawezesha Waingereza kuzisoma tena simu za siri za nyambizi za adui.

Mwezi Februari 1944 Petard ilikuwa miongoni mwa walinzi wa msafara uliotoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Ndani ya Khedive Ismail walikuwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani, I-27, iliipiga meli hiyo kwa makombora ya majini. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi, na watu 1,297 wakafa.

Nyambizi ilijificha chini ya waokokaji waliokuwa wakielea. Meli nyingine za msafara zilikuwa bado hatarini. Kwa hiyo mabomu ya kulipukia kilindini yalitupwa, nayo yakawaua baadhi ya waokokaji hao. Hatimaye Petard iliizamisha I-27 kwa kombora la saba.

Kusindikiza, kwa desturi zetu, ni kumtoa mgeni hadi njiani na kumuaga kwa wema. Wajibu wa mabaharia wale ulikuwa mzito kuliko huo: kuulinda msafara, hata pale ulinzi ulipodai roho za waliolindwa. Hivyo basi, twapendekeza 'manowari ya kulinda msafara'. 'Msafara' ni neno tulilolizoea tangu enzi za biashara ya bara, na 'kulinda' hakufichi gharama yake.

Walimu watakapolifundisha, wakumbuke kwamba mamia ya waliozama siku ile walikuwa wana wa nchi zetu, na jeshini walisemeshana kwa Kiswahili. Kuitaja habari yao kwa neno lisilopunguza uzito wake ni deni la lugha hii kwao.