Zege Halilali

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, nikisubiri matokeo, nilipata kibarua cha kujenga kalavati kwenye barabara ya kijijini, mashariki ya Lamadi. Mkandarasi alikuwa mdogo, mwenye mikisa moja kuukuu. Mchana nilibeba karai, jioni nikaosha vyombo. Kuosha kwenyewe kulikuwa hivi: unamwaga ndoo nne tano ndani ya mikisa, unatupia kokoto kidogo zisugue, unaizungusha, halafu unaiinamisha kuelekea kijitoni. Uji wa kijivu unashuka, nawe unakwenda zako nyumbani.

Mafundi wana msemo ambao siku hizi Watanzania wanautumia hata kwenye mambo ya mapenzi: zege halilali. Ukishachanganya, lazima ulimwage siku hiyohiyo. Kuhusu maji ya kuoshea, msemo umenyamaza.

Anayeijua Lamadi kwa dirisha la basi la Mwanza–Musoma anaona ziwa, na lango la Ndabaka la kuingilia Serengeti, basi anadhani huku maji si shida. Lakini ukiipa barabara mgongo unakuta nchi nyingine. Vijito vingi ni vya msimu. Kiangazi kikikolea unabaki mchanga, na wanawake huchimba mashimo humo, wakangoja maji yajichuje taratibu hadi kata ijae. Historia ya Usukuma, kwa sehemu kubwa, ni ya kuyafuata maji. Kati ya 1947 na 1956 serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Watu waliuchukia kwa amri zake, hasa ile ya kupunguza ng'ombe, lakini malambo yaliyochimbwa wakati huo waliyatumia.

Zege lilichelewa kufika. Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds, Uingereza, alipata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kuzalisha 1966. Babu zetu walikuwa na msonge wa fito, udongo na nyasi. Ukianguka, mvua chache tu na umerudi ardhini. Hakuna aliyelazimika kuwaza mabaki yake yaende wapi. Nadhani mazoea hayo ndiyo tuliyoyahamishia kwenye saruji. Kisha ukaja mwaka 2012, Busega ikamegwa kutoka Magu, Lamadi ikatoka Mkoa wa Mwanza na kuingia Simiyu bila kusogea hata hatua moja. Wilaya mpya inataka ofisi, madarasa, zahanati, makalavati. Vyote vinataka zege.

Wiki ya pili ya kazi, mama mmoja alitujia na ndoo kichwani. Aliitua, akanionyesha viganja vyake vilivyochanika.

“Mwanangu, haya maji mmeyatia nini? Yanateleza kama sabuni.”

“Mayu, ni saruji tu,” nikamjibu.

Ile “tu” ilinisumbua baadaye, nilipokuja kusoma kemia. Saruji ikikutana na maji hutoa chokaa kali, na maji yake hufika pH ya 12 au 13, wakati samaki wengi hupenda kati ya 6.5 na 9. Ndiyo maana fundi asiye na glavu huungua vidole. Vumbi lake laini huziba matamvua. Tuliona kambare wawili wameelea katika dimbwi la mwisho lililobaki chini ya kalavati, tukasema ni joto.

Msimamizi alimwambia yule mama kwamba maji yatapita. Yapite wapi, na kijito kimekauka? Tena kipimo cha pH hupanda kwa makumi: kushuka kutoka 12 hadi 9 kwa kuongeza maji matupu, hesabu ya karatasini inataka ndoo elfu moja kwa kila ndoo moja. Ziwa Victoria linazo. Kijito chetu hakikuwa nazo hata hamsini.

Aliyetuokoa alikuwa fundi mzee aliyeajiriwa katikati ya kazi. Alichagua mahali pa juu, mbali na kingo, akatuchimbisha shimo la kina cha magoti na kulitandika turubai. Kila chombo kikaoshewa humo, kwa maji machache. Asubuhi, matope yakiwa yametuama, maji ya juu tuliyateka kuoshea tena. Matope yalipokauka tuliyavunja kwa nyundo, yakawa kifusi cha njia ya magari. Kazi yote ya kuchimba ilichukua saa mbili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kalavati, bila shaka, haliwezi kukaa mita 60 kutoka kwenye maji linayoyavusha. Shimo la kuoshea linaweza.

Nikisimulia haya, watu huniuliza kuhusu daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu za zege juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025. Mimi wasiwasi wangu uko kwengine. Miradi ya ukubwa ule hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira. Kalavati la kijijini lina msimamizi, mikisa, na mtoto wa kidato cha nne mwenye haraka ya kwenda kula.

Nilirudi pale kiangazi kilichopita. Mji wa Lamadi sasa una mradi wa maji ya ziwani, uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, lakini pale kalavatini bado wanachimba. Uji niliomwaga jioni zile za mwanzo umekuwa ulimi wa jiwe, mrefu kuliko mimi, umelala mchangani. Yule mama sikumkuta. Mashimo yote yalikuwa juu ya kalavati, kwenye jua kali. Nilimuuliza msichana aliyekuwa akichota kwa nini hawachimbi upande wa chini, penye kivuli.

“Ndivyo tulivyokuta,” akasema, akaendelea kuchota.