Draiva, Kiendeshi au Mkalimani?

Kompyuta ya studio imesasishwa usiku. Asubuhi prodyuza wa muziki wa singeli wa Tandale au Mbagala, Dar es Salaam, anafungua FL Studio, biti inaonekana ikitembea kwenye skrini, lakini saundi kadi iko kimya na kinanda hakileti noti. Atapiga simu: "Fundi, draiva zimegoma." Fundi ataelewa papo hapo. Hatasikia mtu akisema "kiendeshi" wala "kiendeshaji", ingawa yote mawili yamo katika tafsiri za programu.

Si kwamba watu wa mtaani wanakataa istilahi za Kiswahili. "Sasisha" limepokewa vizuri, kwa sababu ukilisikia tu unaiona "sasa" ndani yake: kitu kinafanywa kiwe cha sasa. "Kivinjari" nalo linanipendeza mno, maana kuvinjari ni kuzunguka huku na huku ukitazama, na ndiyo kazi yenyewe. Kiendeshi hakina bahati hiyo. Neno hilo linafuata picha ya Kiingereza ya mtu aliyeshika usukani, kisha wengine wakalitumia pia kwa kifaa cha kusoma diski, na mfumo mkuu wa kompyuta tunauita mfumo endeshi. Mtu akikuambia kiendeshi kimeharibika baada ya mfumo endeshi kusasishwa, utaanzia wapi?

Tena draiva haiendeshi kitu. Windows imetengenezwa na kampuni moja, saundi kadi na nyingine, na kila moja ina lugha yake. Draiva inakaa katikati kama mkalimani kati ya mfanyabiashara wa Kariakoo na mwenye kiwanda wa Guangzhou: akikosekana, wote wawili ni wazima lakini biashara haifanyiki. Sasisho likibadilisha lugha ya upande mmoja, mkalimani wa zamani anaachwa nyuma. Wakati mwingine mfumo wenyewe humwondoa na kuweka wa jumla, anayejua salamu na bei tu.

Hapo ndipo neno kiendeshi linapoleta hasara. Aliyeambiwa kiendeshi "kimegoma" huona ubovu uko kwenye kifaa, akakipeleka kifunguliwe kwa bisibisi, au akakiuza kwa bei ya kutupa. Angejua kwamba kilichopotea ni mkalimani, angefungua kwanza orodha ya vifaa kwenye kompyuta, aitafute alama ya mshangao ya njano, airudishe draiva ya awali au apakue mpya kwenye tovuti ya waliotengeneza kifaa, si kwenye flashi inayozunguka mtaani.

Neno mkalimani linaeleza hata ASIO, njia iliyoletwa na Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997 ili programu za muziki zizungumze na saundi kadi moja kwa moja, sauti isichelewe. Asiye na draiva ya ASIO ya kifaa chake huweka ASIO4ALL, ambayo kwa kweli ni mkalimani wa mkalimani: inaisemesha programu kwa ASIO, kisha inapitisha ujumbe kwa draiva ya kawaida ya Windows. Inasaidia sana. Ila bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchezwa) ya sampuli 512, kwa sampuli 44,100 kila sekunde, peke yake ni milisekunde karibu 12, na singeli yenye midundo 200 na zaidi kwa dakika haisamehe kidole kinachosikika kikiwa kimechelewa.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine nyingi zitahamishiwa mfumo mpya, na vifaa vya zamani visivyoandikiwa draiva mpya vitanyamaza. Mazungumzo haya ya prodyuza na fundi yatarudiwa sana.

Kiswahili kinajua kuhamisha neno. Kinanda pwani kilikuwa chombo cha nyuzi, leo ni cha vibonye, na hakuna anayechanganyikiwa. Mkalimani naye anaweza kuhama. Watakaosema ni neno la watu waangalie "msumari" na "mkeka": kiambishi m- hakijawahi kuwa cha watu peke yao.

Ombi langu kwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na walimu wa kompyuta ni hili: kabla ya kulisanifu neno la draiva, nendeni studio za Tandale na Mbagala mkasikilize. Draiva ibaki mdomoni mwa mafundi, haina ubaya. Lakini katika kitabu cha mwanafunzi, andikeni mkalimani wa kifaa.