Kiini Macho cha Sinema

Picha ya sinema haitembei. Ni picha nyingi zisizojongea, 24 kwa kila sekunde, zipitazo mbele ya taa. Akili ya mtazamaji ndiyo iziungayo zikawa mwendo. Katuni nayo huchorwa kwa kanuni hiyo hiyo. Hata hivyo William Sellers, aliyeongoza idara ya filamu za makoloni iliyoundwa na Uingereza mwaka 1939, alishika kwamba Mwafrika asionyeshwe hila za kamera, kwani hatazielewa. Mwaka 2014 ilianza Ubongo Kids, katuni ya Kiswahili itengenezwayo Dar es Salaam kwa kompyuta. Mtoto wa Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, aitazamapo michoro ikiimba hesabu, hahitaji mfasiri. Kiini macho hakichagui jicho.