Mawimbi Chini ya Mitumba: Redio ya Kupelekeana Habari Uvira na Pwani ya Kaskazini ya Ziwa Tanganyika

Mji wa Uvira umebanwa baina ya maji na mlima. Mashariki yake ni Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Magharibi milima ya Mitumba inapanda ghafla, na baadhi ya vilele vyake huzidi mita 3,000. Kwa fundi wa redio umbo hili la nchi ndilo swali la kwanza. Mawimbi ya masafa ya juu sana, yale yatumiwayo na stesheni za FM na redio ndogo za mkononi, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, wala hayapenyi mlima. Juu ya maji hayana kizuizi: eriali mbili zenye kimo cha mita 10 kila moja huweza kuwasiliana kwa umbali wa takriban kilomita 26, na Bujumbura, ng'ambo ya ziwa, haifiki umbali huo. Bukavu, makao makuu ya jimbo la Kivu Kusini tangu 1988, iko kiasi cha kilomita 100 tu, lakini iko nyuma ya milima. Hivyo sauti ya nchi jirani iliwafikia watu wa Uvira kwa wepesi kuliko sauti ya makao makuu ya jimbo lao wenyewe.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wabelgiji walikwisha kujenga mnyororo wa vituo vya simu ya upepo, kama ilivyoitwa zamani, kutoka Banana kwenye mlango wa mto Kongo hadi Elisabethville. Mitambo yake ilikuwa ya cheche: umeme mkali uliruka kati ya ncha mbili za chuma, na nguvu yake ikatapanywa juu ya masafa mengi kwa wakati mmoja. Mnyororo huo uliufuata mto, si ziwa. Gharama ya ukimya ziwani ilionekana punde. Tarehe 26 Desemba 1915 meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, ilitekwa na Waingereza karibu na Lukuga, inapoitwa Kalemie leo. Wakubwa wake Kigoma hawakupata habari ya yaliyoipata. Baada ya zaidi ya majuma sita, Hedwig von Wissmann ilikwenda kwenye maji yale yale, nayo ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916.

Nusu karne baadaye habari iliwahi kufika. Uasi uliouteka Uvira mwezi Mei 1964 ulikuwa umerudi nyuma hadi milima ya Fizi na Baraka pale Ernesto Che Guevara alipotua Kibamba, tarehe 24 Aprili 1965, pamoja na Wakuba wa kwanza. Wasomaji wa Kiswahili watakumbuka kwamba wageni hao walijipa majina kutoka katika kamusi ya lugha hii: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Guevara mwenyewe akawa Tatu. Mwezi Novemba, walipokuwa wamezingirwa na kuomba mashua za kuwavusha, ujumbe ulirushwa kwa redio kuelekea kituo cha ziwani. Guevara ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba jibu fupi la kuwa ujumbe umesikika liliwabadilisha nyuso wote waliokuwapo. Waliondoka tarehe 21 Novemba.

Redio iliyoingia zaidi katika maisha ya raia, hata hivyo, haikuwa ya wanajeshi. Ilikuwa ile iliyoitwa foni, jina lililotokana na Kifaransa: chombo cha mawimbi mafupi cha kusemea na kusikilizia, kikiwa na nguvu ya wati 100 au pungufu, kilichowekwa katika parokia, hospitali, ofisi za mashirika na vibanda vya wafanyabiashara. Simu za waya zilipozorota nchini Zaire, mtu aliyetaka kujua hali ya mgonjwa wake Bukavu au bei ya bidhaa Kalemie alikwenda kukaa kwenye benchi la foni akisubiri zamu yake.

Foni ilishinda mlima kwa kuupita juu. Mawimbi yake hupanda angani, hurudishwa na tabaka la ayonosfia, na kushuka upande wa pili. Hapa ndipo ujuzi wa mahali ulipotakiwa. Kwa masafa ya megahezi 5, eriali ya waya mbili huhitaji urefu wa takriban mita 28 na nusu, yaani mita 14 na robo kila mkono. Ikining'inizwa baina ya miembe miwili kwa kimo cha mita 5 hadi 10, nguvu nyingi huelekea juu kabisa na kurudi ndani ya duara la kilomita mia kadhaa. Mwenye fedha aliyeiinua juu ya mlingoti mrefu, kwa kudhani kuwa kimo ni heshima, aliweza kusikia Kinshasa na kuikosa Bukavu. Usiku nao ulidanganya wengi. Jua likizama ayonosfia hupungua nguvu, na masafa yaliyofaa adhuhuri hayarudi tena karibu. Yapasa kushuka hadi megahezi 3 au 4. Si ajabu kwamba vyombo vizima vilifunguliwa skrubu kwa kosa la machweo.

Ubovu wa kweli mara nyingi ulikuwa nje ya sanduku. Chombo cha wati 100 huvuta kiasi cha ampea 20 msemaji anapopaza sauti. Ikiwa nyaya za betri ni nyembamba au ncha zake zina kutu, ukinzani wa omu 0.1 tu hula volti 2, na betri ya volti 12 humfikia msemaji ikiwa na 10. Upokeaji hubaki safi, kwa kuwa hauhitaji umeme mwingi. Ila kila akibonyeza kitufe sauti hukwaruza au chombo huzimika. Fundi mwenye busara alipima volti wakati wa kusema, si wakati wa kusikiliza. Kisha aliifuata waya ya eriali, kwani maji ya mvua yakiingia katika kiungo, nguvu hurudi kwenye transista za mwisho na kuziunguza. Vali za zamani zilivumilia zaidi dhuluma hiyo. Radi nayo haikuwa jambo dogo: vipimo vya setilaiti vilivyochapishwa 2016 viliweka jirani ya Kabare, karibu na Bukavu, miongoni mwa mahali panapopigwa zaidi duniani, zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Wakati wa mvua aliyesahau kuchomoa eriali jioni aliweza kukuta majivu asubuhi.

Foni haikuwa na siri. Yeyote aliyekuwa kwenye masafa yale alisikia yote, na habari ya kifo ilitangazwa mbele ya vituo visivyohusika. Vita vilipofika, hilo likawa hatari. Uvira ilitekwa tarehe 24 Oktoba 1996. Siku chache baadaye ilinyamaza Radio Agatashya, ambayo tangu 1994 ilikuwa ikitangaza kutoka Bukavu. Watu wengi walivuka ziwa kuelekea Kigoma. Wakati kama huo kutaja jina la mtu na mahali alipo hewani kuliweza kumfikia ndugu yake na adui yake kwa sekunde ile ile, na kituo kilichonyamaza hakikuwaambia waliosubiri kama kimeporwa, kimehamwa, au betri imeisha tu.

Radio Okapi ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, kwa Kiswahili miongoni mwa lugha nyingine, ilitumia FM na mawimbi mafupi pia. Katika miaka hiyo hiyo minara ya simu za mkononi ilianza kusimamishwa, na mabenchi ya foni yakapungukiwa na watu. Kule milimani, ambako minara ilichelewa, waya ziliendelea kuning'inia mitini.