SENTIMITA 51: CHENGA WALIYOPIGWA WENYE SHERIA ZA KAYAKI

Cheki picha za zamani za mbio za kayaki, kuna kitu kinashangaza. Boti imechongoka mbele kama kalamu, halafu nyuma tu ya mchezaji inatanuka kama ina mabega, kisha inachongoka tena. Ukiitazama kutoka juu ni almasi kabisa. Wengi wanadhani ni urembo. Wapi! Ile ilikuwa chenga.

Mchezo huu uliingia rasmi Olimpiki mwaka 1936 kule Berlin. Kwa miaka mingi sheria zilisema kayaki ya mtu mmoja, ile inayoitwa K1, urefu usizidi sentimita 520, uzito usipungue kilo 12 na upana usipungue sentimita 51. Hiyo 51 ndiyo iliyoleta kasheshe.

Kwa nini? Boti ikikimbia inapambana na vitu viwili. Cha kwanza ni mawimbi inayoyatengeneza yenyewe, na hapo boti ndefu nyembamba ndiyo ina nafuu. Cha pili ni msuguano wa maji na ngozi ya boti, kwa hiyo sehemu inayolowa ikiwa ndogo, boti inateleza. Umbo linalolowa kidogo ni la mviringo, kama bomba lililopasuliwa nusu. Shida ni kwamba nusu bomba haitulii, inabingirika. Tumbo bapa linatulia, ila kulisukuma ni kazi. Wavuvi wa pwani walishamaliza kesi hii kitambo: ngalawa ina mtumbwi mwembamba katikati na mbao mbili za pembeni za kuushikilia. K1 haina mbao hizo. Kinachomzuia mtu asipinduke ni kiuno chake na kafi lake, basi.

Sasa ona akili ya mafundi wa Denmark. Sheria ilipima sehemu pana kuliko zote, popote ilipo. Wakaipandisha juu ya maji, wakaisogeza nyuma ya kiti. Maji yakakutana na boti nyembamba, mwenye futi akakuta 51 yake kamili. Na kwa sababu mbele ni pembamba, mchezaji alizamisha kafi karibu kabisa na ubavu, mkono ukavuta moja kwa moja. Sheria nyingine ilikataza ubavu kubonyea ndani, ndiyo maana mistari ya boti zile imenyooka kama imepigwa rula hadi kwenye mabega.

Nchi nyingine zikaiga, na mabega yakatawala kwa miongo. Lakini yalikuwa mzigo. Yakiwa hewani hayakumsaidia mtu kutulia mpaka boti iwe imeshainama, na upepo wa ubavuni ulipata pa kushika. Yaani upana wa kumridhisha mpimaji tu!

Olimpiki ya Sydney 2000 ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa sheria hiyo. Baada ya hapo kipimo cha upana kikafutwa, mafundi wakakata mabega, na boti zikawa nyembamba juu kama zilivyokuwa nyembamba chini. Mtu aliyezoea almasi hakuona tofauti kubwa ya kuyumba, maana sehemu inayogusa maji ilishakuwa nyembamba zamani.

Urefu na uzito vimebaki palepale, 520 na 12. Na mgeni akikaa kwenye K1 mara ya kwanza, bado anaogelea.