Sekunde Tatu Zilizofichwa

Mwanafunzi akipata jibu lisilolingana na lile lililo mwishoni mwa kitabu, huwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kuirudia hesabu tangu mwanzo mpaka alitambue kosa. Ya pili ni kuzifuta tarakimu zake na kuandika nyingine zitakazolifikia jibu lile. Njia hii ya pili hulipamba daftari, walakini humtesa mwenye daftari. Kisa nitakachosimulia si cha mtoto wa shule. Ni cha bingwa wa upimaji aliyeshika njia hiyo ya pili, ikamsumbua mpaka kufa kwake.

Zamani kila jimbo la Ufaransa lilikuwa na vipimo vyake, na wanunuzi wakipunjwa sokoni. Mwaka 1791 wataalamu walitoa shauri, na serikali ikalikubali, kwamba pawe na kipimo kimoja, nacho ni mita. Urefu wake uwe sehemu moja katika sehemu milioni kumi za masafa ya toka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Ili kuyajua masafa hayo, ilipasa kupima kwanza sehemu yake, toka mji wa Dunkerque hadi Barcelona nchini Hispania. Mwaka 1792 wapimaji wawili wakashika safari: Jean-Baptiste Delambre upande wa kaskazini, na Pierre Méchain upande wa kusini.

Hawakupima kwa kuburura mnyororo juu ya milima na mito. Walichagua minara na vilele vinavyoonekana kwa mbali, wakaviunganisha kwa pembetatu, moja ikishikana na nyingine. Ukiujua upande mmoja wa pembetatu pamoja na pembe zake, pande nyingine utazipata kwa hesabu. Uzuri wa kazi hii ni kwamba hujitolea ushahidi wenyewe. Pembe tatu zikijumlishwa hazina budi kufikia nyuzi 180, baada ya kuondoa ziada ndogo iletwayo na mviringo wa dunia. Tena upo ushahidi wa pili. Mwaka 1798 Delambre alipima ardhini, kwa rula ndefu za platini, mistari miwili ya karibu kilomita 12 kila mmoja: mmoja karibu na Melun, wa pili karibu na Perpignan. Kisha urefu wa mstari wa Perpignan ukatafutwa kwa hesabu, kuanzia Melun na kupitia pembetatu zote za katikati. Tofauti baina ya hesabu na kipimo ilikuwa kama futi moja tu!

Sasa tumwangalie Méchain. Yeye alitakiwa pia kutafuta kwa nyota latitudo ya mwisho wa mstari, huko Barcelona. Alifanya hivyo kwanza katika ngome ya Montjuïc, iliyo juu ya kilima. Mwaka 1793 vita vikazuka kati ya Ufaransa na Hispania, asiweze tena kuingia ngomeni. Basi akaziangalia nyota kutoka nyumba ya wageni mjini, kisha akaiunganisha nyumba hiyo na ngome kwa pembetatu. Majibu mawili yalipasa kupatana, hayakupatana. Yalihitilafiana kwa sekunde tatu hivi. Sekunde moja ni sehemu moja katika sehemu 3,600 za digrii, lakini juu ya ardhi sekunde tatu ni kama mita 90, karibu urefu wa uwanja wa mpira.

Méchain hakumwambia mtu. Wataalamu wa nchi mbalimbali walipokusanyika Paris kuzikagua hesabu, hakuwapa karatasi zake za asili. Aliwapa muhtasari safi, nao wakamsifu kwa usahihi wake. Mwaka 1799 mita ya platini ikawekwa rasmi. Sifa zile zilikuwa mwiba moyoni mwake. Mwaka 1803 akarudi Hispania ili auendeleze mstari hadi visiwa vya kusini, na mwaka 1804 akafa huko kwa homa. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kilio humfichua.

Karatasi zake zilimfikia Delambre. Delambre mwenyewe alikuwa akiandika vipimo vyake kwa wino, katika madaftari yaliyoshonwa. Za Méchain zilikuwa karatasi zilizotawanyika, zimeandikwa kwa kalamu ya risasi, na baadhi ya tarakimu zimebadilishwa. Hapo akaigundua siri. Angaliweza kuzichoma ili kulinda heshima ya mwenzake, wala hapana ambaye angalijua. Hakufanya hivyo. Aliandika kando yake maelezo ya yale aliyoyaona, akaziweka katika nyumba ya kuangalia nyota ya Paris, ili watakaokuja wajionee.

Nao walikuja. Mwaka 1828 Mfaransa mwingine, Nicollet, alizipanga upya hesabu za nyota zile, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti ililetwa na chombo, wala si uzembe wa mpimaji. Laiti Méchain angalisema, yamkini wenzake wangalimtua mzigo ule angali hai. Tunajua leo kwamba mita ile ilikuwa fupi kwa sehemu mbili za kumi za milimita, na sababu kubwa ni umbo la dunia lisilo sawasawa, wala si zile sekunde tatu.

Kwa hiyo mpima ardhi mwema akikosea tarakimu haifuti. Huikata kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, akaandika iliyo sahihi juu yake, kisha akampa mtu wa pili arudie hesabu. Hupima shamba mpaka arudi kwenye jiwe alikoanzia, na asipofika hapo hurudi kutafuta alikopotea. Hafanyi hivi kwa kuwa yeye ni dhaifu wa hesabu. Hufanya hivi kwa sababu majirani wawili watalima pande mbili za mstari atakaouchora, na baada yao watoto wao, nao hawatakuwa na shahidi mwingine ila daftari lake.